Aliyenisomesha ni Mama: Kuhusu Vitabu vya Kituruki vya Wanaoanza

Januari nilikuwa nyumbani Nyamongo, nimekaa jikoni kwa mama na tasnifu ya umahiri ambayo sikuwa naiandika. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa meza, simu mkononi na daftari mbele yake, anajifunza Kituruki. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alitaka kuomba ufadhili wa serikali ya Uturuki, ule unaoitwa Türkiye Bursları, ambao maombi yake hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Anayeupata huanza kwa mwaka mmoja wa lugha kabla ya kuingia darasani kwenye fani yake. Mdogo wangu hakutaka kufika huko mikono mitupu.

Mara nikamsikia anasonya.

"Kaka, hebu njoo. Nimekosea wapi hapa?"

Programu ya simu ilikuwa imempa sentensi ya Kiingereza yenye maana ya "mama yangu alinisomesha" na kumtaka aiandike kwa Kituruki. Alikuwa ameandika: *Beni annem okuttu.* Programu ikamwekea rangi nyekundu na kumwonyesha jibu sahihi: *Annem beni okuttu.* Maneno ni yaleyale matatu. *Annem* ni mama yangu, *beni* ni mimi nikiwa yambwa, *okuttu* ni alisomesha. Tofauti ni mpangilio tu.

Nilimwuliza aliupata wapi mpangilio wake. Akasema alimwandikia dada mmoja Mtanzania anayesoma Ankara, akamwuliza Waturuki wanasemaje wakitaka kusema kwamba aliyenisomesha ni mama, si mtu mwingine. Dada yule akamjibu kwa sentensi hiyo. "Sasa nani muongo," akaniuliza, "dada au simu?"

Hakuna aliyesema uongo. Lakini swali lake lilinifanya niiache tasnifu kwa wiki nzima na kusoma alichokuwa anasoma yeye: programu ile, pamoja na vitabu viwili vya Kiingereza vya wanaoanza ambavyo alikuwa amevipata katika nakala za simu. Ninayoandika hapa ni uhakiki wa vitabu hivyo, kwa macho ya mwanafunzi wa isimu ambaye mdogo wake amepewa alama nyekundu kwa sentensi iliyo sahihi.

Nianze kwa haki. Vitabu hivi si vibaya kwa wale walioandikiwa. Geoffrey Lewis, aliyefundisha Kituruki Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa *Teach Yourself Turkish* mwaka 1953 na *Turkish Grammar* mwaka 1967, na vizazi vya wasomaji wa Kiingereza vimeingia kwenye lugha hiyo kwa mkono wake. Mwandishi wa kitabu cha wanaoanza lazima amwazie msomaji fulani: anajua nini tayari, atashangazwa na nini, atajikwaa wapi. Waandishi hawa walimwaza Mwingereza. Hata sisi tulipata kuandikiwa hivyo: sarufi ya Kiswahili ya Ashton ya mwaka 1944 iliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni waliokuja kufanya kazi kwetu. Tatizo linaanza pale kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu wa Leeds kinapofika jikoni Nyamongo, na msichana wa Nyamongo akadhani kwamba kila kinachomshangaza mtu wa Leeds kinapaswa kumshangaza na yeye.

Angalia vitabu hivi vinapiga kelele wapi. Sura za mwanzo zinamwonya msomaji kwamba Kituruki kina neno moja tu, *o*, kwa mwanamume, mwanamke na kitu. Kwetu "yeye" hajawahi kuuliza jinsia ya mtu. Zinamwonya kwamba hakuna kile kineno cha Kiingereza kinachotangulia nomino na kuonyesha kwamba inajulikana. Kwetu pia hakipo. Zinamwambia akae kitako kwa sababu sasa atakutana na jambo la ajabu: sentensi nzima inaweza kukaa ndani ya neno moja. Kwa Mwingereza hiyo ni habari. Kwa mtu aliyekua akisema "hatukuonana" tangu ana miaka miwili, ni Jumatatu ya kawaida.

Hebu tulipasue neno moja. *Okuyorum* maana yake ni "ninasoma". *Oku-* ni mzizi, soma. *-yor-* ni wakati uliopo. *-um* ni mimi. Sasa weka "ninasoma" pembeni yake: ni-na-soma. Vipande ni vilevile, kazi ni zilezile, ila Kituruki kimeanza na mzizi na kumaliza na mtenda, sisi tumeanza na mtenda na kumaliza na mzizi. Nilimwandikia mdogo wangu mistari hiyo miwili, mmoja juu ya mwingine, nikachora mishale. Mishale ikakatana katikati. Aliitazama kidogo akasema, "Kumbe ni kinyumenyume tu." Kitabu chake kilikuwa kimetumia kurasa kadhaa kumfikisha hapo, na hakikumfikisha.

Tukaongeza mzigo. Kutokana na *oku-*, soma, Kituruki kinapata *okut-*, somesha. Si kumfanya mtu asome ukurasa tu. Ni kusomesha kwa maana yetu hasa, kumgharamia mtu shule. Ongeza utendwa, *-ul-*. Ongeza wakati uliopita, *-du-*. Ongeza mimi, *-m*. Unapata *okutuldum*: nilisomeshwa. Oku-t-ul-du-m. Ni-li-som-esh-w-a. Tazama katikati ya maneno haya mawili. Mzizi kwanza, kisha usababishi, kisha utendwa, kwa mfuatano uleule katika lugha zote mbili. Kinachotofautiana ni kwamba sisi tunaweka mtu na wakati mbele ya mzizi, Waturuki wanaviweka nyuma. Nani angemweleza Mwingereza hili kwa ufupi hivyo? Yeye kwa neno letu moja anahitaji maneno manne au matano. Lakini mdogo wangu, ambaye mama yake ni mama lishe, halazimiki kufundishwa jinsi "la" inavyozaa "lisha" na "lisha" inavyozaa "lishwa". Kwa Kituruki ni *ye-*, *yedir-*, *yediril-*. Mantiki hiyo aliinywa na uji.

Kelele nyingine ni ya irabu. Vitabu vinaieleza kama muujiza wa Kituruki: kiambishi hubadili irabu yake kufuata irabu ya mzizi, ndiyo maana wakati uliopita ni *geldi* kwa "alikuja" lakini *okudu* kwa "alisoma". Halafu vinafuata vielelezo, majedwali na pole kwa msomaji. Sasa sema kwa sauti: pika, pikia. Funga, fungia. Soma, somea. Cheka, chekea. Hakuna aliyekufundisha kwamba mzizi wenye *e* au *o* unadai *-ea*, na mwingine unadai *-ia*. Unafanya tu, na anayesema "somia" unajua mara moja ni mgeni. Kanuni ya Kituruki si hiyohiyo. Yao hutazama kama irabu inatamkiwa mbele au nyuma ya kinywa, yetu hutazama kimo cha ulimi. Lakini wazo la kwamba irabu za neno moja hupatana si geni kwetu hata kidogo. Na mdogo wangu ana zaidi ya hapo. Lugha yake ya kwanza ni Kikuria, chenye irabu saba na upatano wake wa irabu. Kiswahili kina tano. Kituruki kina nane. Shuleni tulikuwa tukichekwa kwa jinsi Kikuria kinavyosikika ndani ya Kiswahili chetu. Hatukuwahi kuambiwa kwamba masikio yetu yalikuwa yanabeba irabu mbili zaidi ya waliotucheka.

Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza: vitabu hivi vinamfundisha mwanafunzi wetu kujiona mgeni mahali ambapo ni mwenyeji. Anapanda ngazi ya Kikuria, ya Kiswahili, ya Kiingereza, ndipo afike Kituruki, na huko juu anaambiwa mambo ambayo aliyaacha ngazi ya chini.

Lalamiko la pili ni kinyume chake. Vitabu vinanyamaza hasa pale sisi tunapoanguka. Siku ya tatu mdogo wangu alitaka kuandika "nyumba kubwa". Aliandika *ev büyük*. *Ev* ni nyumba, *büyük* ni kubwa, na aliyapanga kama tunavyopanga sisi, nomino kwanza. Alichoandika kina maana nyingine: "nyumba ni kubwa". Ni sentensi kamili, kwa sababu hapo Kituruki hakihitaji "ni". Nyumba kubwa ni *büyük ev*. Yaani kwa bahati mbaya tu alikuwa ametoa taarifa nzima alipotaka kutaja kitu. Nilirudi kitabuni kutafuta onyo. Halipo, na najua kwa nini: Mwingereza naye huweka sifa mbele ya nomino, kwa hiyo hawezi kukosea hapo. Mtego huo umewekwa kwa ajili yetu peke yetu, na mwandishi alipita juu yake bila kuuona.

Vilevile kwa umilikaji. "Nyumba ya mama yangu" ni *annemin evi*: mama-yangu-wa, nyumba-yake. Mwenye mali hutangulia, mali hufuata, kila mmoja na alama yake. Kiingereza kina mpangilio wa namna hiyo, basi kitabu kinatazama viambishi tu na hakisemi neno juu ya nani anatangulia. Mswahili anahitaji kuambiwa jambo moja mapema, siku ya kwanza kama inawezekana: kwa Kituruki kinachoeleza hukaa mbele ya kinachoelezwa. Sifa kabla ya nomino, mwenye kabla ya mali, yambwa kabla ya kitenzi. Kwetu mara nyingi ni kinyume. Ukilishika hilo, unakuwa na ufunguo mmoja wa milango mingi.

Na kwa hilo hatuna haja ya mfano kutoka Istanbul. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alichukua askari wa Kisudani kutoka Cairo kuja kupigana pwani yetu, na jeshi la Misri lilikuwa likitumia vyeo vya Kituruki. Ndiyo sababu jeshi la Wajerumani huku lilikuwa na *ombasha* na *shaushi*. Ombasha ni *onbaşı*: *on*, kumi, *baş*, kichwa, *-ı*, chake. Kumi-kichwa-chake, yaani mkuu wa watu kumi. Anayeeleza ametangulia, anayeelezwa amefuata. Somo la kwanza la muundo wa Kituruki lilifika Afrika Mashariki likiwa limevaa sare, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ombasha amesahaulika. Aliyebaki ni afande, kutoka *efendi*, na sidhani kama kuna mtoto wa Nyamongo asiyejua kulitamka neno hilo.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu nimewasikia wenzangu wa isimu wakienda mbali sana kwa furaha. "Kituruki ni rahisi kwa Mbantu," wanasema, "ni lugha ambishi bainishi kama yetu." Wengine huongeza orodha ya maneno: *kitap*, *saat*, *dakika*, *kalem*, *dünya*, *haber*, *barut*. Ni kweli tunayafahamu, na mlipuko wa mgodini ukitikisa mabati mchana naweza kumwambia mdogo wangu kwamba *barut* ni baruti. Lakini mengi ya hayo ni mali ya Kiarabu na Kiajemi iliyopita kwetu na kwao, na kufanana kwa maneno hakumsaidii mtu kujenga sentensi. Wakati mwingine humpoteza. *Merhaba* ni salamu ya rika lolote. Anayeisikia kwa masikio yetu ya marahaba atangoja shikamoo isiyokuja.

Na yapo yaliyo magumu kwelikweli. "Mama yangu aliyenisomesha" ni *beni okutan annem*. Mimi, mwenye-kusomesha, mama yangu. Maelezo yote yanatangulia, na mtu anayeelezwa anatajwa mwishoni. Kwa sentensi fupi si tatizo. Kwa sentensi ndefu msikilizaji wetu, aliyezoea kumjua mhusika kwanza kisha habari zake, analazimika kubeba habari bila mwenyewe hadi mwisho. Hilo halitatuliwi kwa kusema "ni kinyumenyume tu". Linahitaji miezi, na kitabu cha Kiswahili kitakachoficha ugumu huo kitakuwa kimekosa kama hivi vya Kiingereza.

Sasa nirudi kwenye alama nyekundu. Vitabu vyote viwili na programu vinafungua sura ya sentensi kwa kanuni moja: kiima, yambwa, kitenzi. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake. Ukitaka kutoa habari bila msisitizo, *Annem beni okuttu* ndiyo sentensi. Lakini mpangilio wa Kituruki haufuati kiima na yambwa tu. Unafuata pia swali lililoulizwa. Nafasi iliyo mara moja kabla ya kitenzi ndiyo nafasi ya jambo linalotafutwa. Ukiulizwa *Annen kimi okuttu?*, mama yako alimsomesha nani, unajibu *Annem beni okuttu*, kwa sababu *beni* ndiyo jibu. Ukiulizwa *Seni kim okuttu?*, nani alikusomesha, unajibu *Beni annem okuttu*, kwa sababu jibu ni mama, na jibu limekaa palepale lilipokaa neno "nani". Sisi kazi hiyo huifanya kwa "ndiye" au kwa "aliyenisomesha ni". Waturuki wanaifanya kwa kusogeza maneno.

Anayetulaumu kwa kutolijua hili asisahau tulivyofundishwa sentensi yetu wenyewe. Kidato cha tatu tulichanganua sentensi kwa matawi, kwa jedwali na kwa mishale: kirai nomino upande huu, kirai kitenzi upande ule. "Mama alinisomesha" inakaa vizuri kwenye matawi. Tulipata alama zetu. Sikumbuki hata siku moja tulipoulizwa ni lini mtu husema "mama alinisomesha" na ni lini husema "aliyenisomesha ni mama", ilhali mitaani hakuna anayezichanganya. Kwa hiyo programu ya simu na somo letu la sarufi zina kosa linalofanana. Zote zinaichukua sentensi kama kabati la kupangia vyombo, zinasahau kwamba kuna mtu aliuliza.

Kwa mdogo wangu, mtu aliuliza kweli. Alipomaliza kidato cha nne, walikuja watu nyumbani kuzungumzia ng'ombe. Kwetu, anayejua hali anajua maana yake. Ndugu upande wa baba waliona ni jambo jema, na hesabu ya ng'ombe ilikuwa nzuri. Mama alisema binti yake anaenda kidato cha tano. Hakusema mengi zaidi ya hayo. Aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida, akapika uji na chapati za wachimbaji, na kwa fedha hiyo yakapatikana sare, godoro, nauli na michango. Tangu hapo, kila kwenye kikao cha ukoo, kuna mjomba au baba mdogo anayesimama na kusema "sisi tumemsomesha mtoto huyu". Mama huwa yuko jikoni anapakua.

Ndiyo maana *Annem beni okuttu* haikumtosha. Inasema ukweli, lakini inajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza. Yeye alikuwa anawajibu watu wa kikao. Dada wa Ankara alimwelewa kwa sababu alielezwa swali. Simu haikumwelewa kwa sababu haikuwa na pa kuliweka.

Kitabu ninachokitamani si kikubwa. Kurasa arobaini zingetosha kwa mwezi wa kwanza, zimeandikwa kwa Kiswahili. Siku ya kwanza, *okuyorum* na "ninasoma" zikiwa zimepangwa juu na chini, na mishale inayokatana. Siku ya pili, somesha na someshwa. Siku ya tatu, *büyük ev* na *ev büyük*, kwa wino mzito. Irabu zingeanza na pikia na somea, na mwalimu angewauliza wanafunzi wanazungumza lugha gani nyumbani kabla ya kuwaambia kipi ni kigumu. Na kila zoezi la sentensi lingekuwa na mstari mmoja juu yake: umeulizwa nini? Waturuki wamejenga reli yetu kutoka Dar es Salaam, kampuni ya Yapı Merkezi ikianza kazi mwaka 2017 na treni za abiria zikianza kupita mwaka 2024. Tamthilia zao zinazungumza Kiswahili sebuleni kwetu. Kurasa arobaini si maombi makubwa.

Usiku ule mdogo wangu aliiandika upya sentensi yake kwenye ukurasa mpya wa daftari, bila kuibadilisha. Mama alikuwa anafunika moto. Akauliza tunabishana nini tangu jioni.

"Nimeandika kuhusu wewe kwa Kituruki," mdogo wangu akamwambia.

"Jina langu liko wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole. Katikati, kabla tu ya kitenzi.

Mama hakukaa muda mrefu shuleni. Aliitazama ile *annem* kwa muda, akainama kuokota sufuria. "Sawa," akasema. "Sasa zimeni taa, mimi naamka saa kumi."